Nimekabidhiwa mahubiri ya Jumapili ya akina mama: nichague andiko gani?

Katibu wa Akina Mama
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mchungaji wetu amenikabidhi mahubiri ya Jumapili ya akina mama, lakini mzee mmoja wa kanisa alisimama kikaoni, akasoma 1 Timotheo 2:12, andiko linalosema mwanamke asifundishe wala kumtawala mwanamume, na kusema nitoe ushuhuda tu, tena nikiwa chini karibu na kwaya, mimbarini nisipande. Mchungaji hajabadili uamuzi wake, ila ameniomba nichague andiko litakalojenga. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kipaimara, ninamheshimu kama baba, na sitaki mahubiri yageuke kuwa majibu kwake. Kinachoniumiza ni kwamba akina mama ndio tunaosoma masomo, tunaoongoza mikesha na kufariji wafiwa, lakini linapofika suala la kulifafanua Neno tunaambiwa tunyamaze. Nianzie wapi?

Mwinjilisti Mstaafu
Asifiwe milele, dada. Timotheo na Wakorintho waache siku hiyo, ufungue 2 Wafalme 22. Kitabu cha torati kimeonekana hekaluni wakati wa matengenezo, katika mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, naye baada ya kukisikia kikisomwa amerarua mavazi yake na kuagiza Bwana aulizwe habari za maneno hayo. Hilkia, kuhani mkuu aliyekiona kitabu, na Shafani mwandishi, aliyekisoma mbele ya mfalme, wakiwa na wenzao watatu, wanamwendea Hulda, nabii mwanamke, mke wa mtunza mavazi, aliyekuwa akikaa mtaa wa pili wa Yerusalemu. Wala asikuambie mtu kwamba wanaume walikosekana, kwa maana Yeremia alikuwa ameanza kutabiri tangu mwaka wa 13 wa mfalme huyohuyo.

Angalia jinsi Hulda anavyojibu. Hampambi mfalme: anaanza kwa kumtaja kuwa mtu yule aliyewatuma, anatamka hukumu juu ya mji, ndipo anampa Yosia faraja kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwororo. Katika sura ya 23 mfalme anawakusanya wazee wote na kufanya agano kwa maneno ya kitabu kile. Wakuu wa hekalu na wa ikulu walipotaka kulielewa andiko walimwendea mwanamke, na msimulizi hasimami hata kidogo kulistaajabia hilo.

Mzee wa Kanisa, Iringa
Naomba mzee mwenzangu asihukumiwe haraka. Katika andiko lile Paulo anarejea kuumbwa kwa Adamu na Hawa, kwa hiyo anayelichukua kwa uzito si lazima awe anawadharau wanawake. Hata hivyo, Paulo huyohuyo katika 1 Wakorintho 11:5 anaelekeza namna mwanamke anavyopaswa kuwa anaposali au kuhutubu, maelekezo ambayo yasingekuwa na maana kama hakutakiwa kufungua kinywa. Sura ya 14 nayo, inayosema wanawake wanyamaze katika kanisa, inamnyamazisha pia mnena kwa lugha asiye na mfasiri, na nabii ambaye mwenzake aliyeketi amefunuliwa neno, nasi hatujawahi kumfungia mwanamume mimbari maisha yake yote kwa aya hizo. Ushauri wangu ni kwamba umwendee mzee nyumbani kwake kabla ya Jumapili, ukiwa na mama mmoja wa makamo, umweleze andiko ulilochagua, ili asilisikie kwa mara ya kwanza kanisani.

Msharika, Kisumu
Kwetu, Kanisa la Anglikana la Kenya liliwaweka wakfu maaskofu wawili wanawake katika mwaka 2021, Emily Onyango akiwa askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno akiwa askofu wa Butere. Pamoja na hayo, nimesikia mara nyingi mama akipewa mimbari kwa sharti lisilosemwa kwamba azungumzie ndoa na malezi tu. Usikubali kubanwa hivyo, kwa kuwa Hulda aliulizwa habari za agano na hatima ya taifa zima. Baada ya ibada, mwombeni mchungaji awaingize akina mama katika ratiba ya wahubiri ya Jumapili za kawaida.

Katibu wa Akina Mama
Nawashukuru sana. Nitamwendea mzee wiki hii. Je, somo lisomwe lote au nianzie aya ya 14?

Mwinjilisti Mstaafu
Lisomwe kuanzia aya ya 8 hadi ya 20, vinginevyo waumini hawatajua kwa nini wale watano walitumwa. Na ukifika kwa mzee, mwombe alisome yeye.