Kulinda kilima cha kijiji kwa mpango wa matumizi ya ardhi

Swali: Wakuu, kijiji chetu kina kilima chenye msitu na chemchemi. Watu wameanza kuchimba kokoto mteremkoni. Cheti cha ardhi ya kijiji tunacho. Tuanzie wapi?

Jibu 1: Mkuu, anzeni na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji inapendekeza kilima kiwe ardhi ya jumuiya, yaani ya matumizi ya wanakijiji wote, Mkutano Mkuu wa Kijiji unapitisha. Kikishatengwa hivyo, hakuna anayeweza kugawiwa kipande chake. Muhtasari uwe na mahudhurio na saini. Wengi huangukia hapo, pingamizi likija hawana karatasi.

Jibu 2: Nyongeza: ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi bila sheria ndogo, yaani kanuni za kijiji chenyewe, ni pambo la ukutani. Tungeni sheria ndogo inayotaja eneo kwa mipaka, makatazo, faini na nani anakamata. Wananchi watoe maoni mkutanoni kwanza, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya iidhinishwe. Kabla ya hapo, faini mnayotoza haina nguvu.

Mipaka ipimwe kwa GPS na kuwekewa alama zinazoonekana. "Kuanzia mwembe mkubwa" haifai, mwembe hukatwa. Kwa mito na maziwa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Jibu 3: Upande wa pili wa kilima ni wa nani? Kama ni kijiji jirani, fanyeni mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi, sheria inaruhusu. Vinginevyo wachimbaji watahamia ng'ambo tu.