Nataka kubariki ndoa, katekista anadai cheti kipya cha ubatizo. Cha zamani hakifai?

Mrombo wa Kibamba
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka 41, nimeamua kuacha maisha ya zamani na kumrudia Mungu. Pombe kali nimeacha tangu juzi, baa sikanyagi tena. Naishi na mama watoto huu mwaka wa saba, watoto ni watatu, mkubwa yuko darasa la nne, na sisi wote hatukomuniki. Barua ya mwenyekiti wa jumuiya tunayo, mafundisho ya ndoa yamebaki mara mbili, kamati imeshakusanya milioni mbili na laki nne, kadi zimechapwa.

Kimebaki cheti cha ubatizo. Nilichonacho nilipewa 1996 nilipopata kipaimara, kina muhuri wa parokia ya nyumbani Rombo. Katekista anataka kipya, kisichozidi miezi sita. Rombo ni mbali na kazini sipati ruhusa. Kuna namna ya kumwelewesha apokee hiki? Matangazo yanaanza Jumapili. Usingizi sipati.

Chumvi ya Mbozi
Mkuu, tuache cheti kwanza. Hiyo pombe kali ulikuwa unakunywa kila siku? Kama ni kila siku kwa miaka, kuikata ghafla ni hatari. Mikono hutetemeka, jasho linatoka, usingizi unakata, na degedege linaweza kukushika ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Watu hudhani ni mapepo, wanamfungia ndani kwa maombi, wengine wanafia humo. Ukiona dalili hizo wahi hospitali usiku huohuo, useme wazi ulikuwa unakunywa kiasi gani na uliacha lini. Kuna dawa. Sala uendelee nazo ukiwa kitandani.

Mtoto wa Katekista
Cheti cha 1996 hakipokelewi, na katekista hakuonei. Mkatoliki akifunga ndoa, parokia iliyofungisha inatuma taarifa kwenye parokia aliyobatizwa, na ndoa inaandikwa kwenye kitabu cha wabatizwa hapohapo penye jina lake. Cheti kipya hutolewa kutoka kitabu hicho, ndiyo maana kinaonyesha kama mtu yuko huru kuoa. Chako kinaonyesha ulivyokuwa 1996.

Kuhusu safari, haihitajiki. Piga simu ofisi ya parokia, taja jina la ubatizo, tarehe, majina ya wazazi na ya msimamizi, na namba ya ubatizo iliyo kwenye hicho ulichonacho. Wakishaandika, ndugu yako akichukue na kukituma kwa basi. Siku mbili tatu kiko mkononi. Sasa umbali umeondoka, kikwazo ni nini?

Mrombo wa Kibamba
Kikwazo ni muda tu mkuu. Na sitaki kuwasumbua watu wa nyumbani.

Dada Tumaini
Kaka, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya kupiga simu. Penye jina lako kwenye kitabu hicho pameandikwa nini?

Mrombo wa Kibamba
Haya. Nilifunga ndoa 2012, parokia hiyohiyo. Hatukujaliwa mtoto. Mke aliondoka mwenyewe miaka saba iliyopita akarudi kwao, sikumfukuza. Ndoa isiyo na mtoto na isiyo na mke ndani mimi naona ilishakufa. Mama watoto anajua nilikuwa na mtu, hajui kama ilikuwa ya kanisani. Kuna mchungaji huku mtaani amekubali kutufungisha bila kuuliza cheti, na ukumbi nimeshalipia nusu. Kristo si ni mmoja? Nataka tu kutoka dhambini.

Mzee wa Karatasi
Kubadili kanisa hakubadili sheria. Ndoa ya kikristo ni ya mke mmoja, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 15, inakukataza kufunga nyingine wakati ile ipo. Utakayofunga kwa huyo mchungaji ni batili na wewe utakuwa umetenda kosa. Usitegemee pia kwamba mmeishi zaidi ya miaka miwili. Dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, ile ya kuhesabiwa wanandoa kwa kuishi pamoja, haimsaidii mwenye ndoa hai.

Njia yenyewe ni hii. Unaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata yako au la kanisa kama limesajiliwa. Mke wako ataitwa. Wakishindwa kuwapatanisha, baraza linatoa hati ya kwamba limeshindwa. Hapa ndipo wengi hukwama: wanakimbilia mahakamani bila hati hiyo, na shauri linatupwa kwa sababu limeletwa kabla ya wakati wake. Kuna wanaosamehewa baraza, mfano aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, ila wewe wa kwako unamjua aliko. Ukishapata hati unafungua madai ya talaka, mahakama ya mwanzo inatosha. Utatakiwa kuonyesha ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Mtoto wa Katekista
Na talaka hiyo kanisani haikufungulii mlango, ni ya serikali tu. Kwetu kuna mahakama ya kanisa ya jimbo, inayochunguza kama ndoa ilikuwa halali au batili tangu siku ilipofungwa. Unamwona paroko, anakusaidia kuandika ombi, unataja mashahidi waliowajua kabla na wakati wa harusi. Mke wa kwanza lazima ajulishwe na asikilizwe. Kuna mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kueleza kwa nini ndoa ile inaweza kuwa halali. Zamani hukumu ya ubatili ilihitaji kuthibitishwa na mahakama ya pili. Tangu tarehe 8 Desemba 2015, kwa mabadiliko ya Papa Fransisko, moja inatosha asipotokea wa kukata rufaa.

Wanachochunguza ni siku ile ya 2012: ulilazimishwa? Kuna jambo zito mlilofichana? Mmoja alikataa moyoni kuwa mwaminifu au kuzaa? Kukosa mtoto peke yake hakubatilishi ndoa, sheria ya Kanisa inasema hivyo waziwazi. Hoja yako kubwa imeanguka.

Kibo Baridi
Hii chai. Mke kaondoka miaka saba iliyopita, mama watoto mwaka wa saba, halafu mtoto darasa la nne? Mtoto huyo ana miaka tisa au kumi. Hadithi ya kutunga, mnachoka bure kumjibu.

Dada Tumaini
Hesabu ya Kibo ni sahihi. Mtoa mada, jibu.

Mrombo wa Kibamba
Si chai. Mtoto alizaliwa nikiwa bado na mke wangu. Alipojua ndipo akaondoka.

Mzee wa Karatasi
Basi barazani usiandike kwamba alikutelekeza. Atakuja na mwaka aliozaliwa mtoto, na ukishaonekana muongo kwa moja hutaaminiwa kwa mengine. Andika ilivyokuwa. Nyumba unayoishi ilijengwa lini?

Mrombo wa Kibamba
Kiwanja 2013, tulipaua 2016. Mke wangu alikuwa anauza mitumba, matofali mengi ni hela yake. Hajawahi kudai.

Mzee wa Karatasi
Ana haki hata bila matofali. Kifungu cha 114 kinagawa mali ya jasho la pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa kuwa mchango.

Dada Tumaini
Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, hakusubiri kudaiwa ndipo aahidi kurudisha vya watu. Mwambie mama watoto leo, watoto wakishalala, asije kuyasikia barazani. Simamisha matangazo kabla ya Jumapili. Kamati iambie ndoa imeahirishwa na kila mchango urudi kwa mwenyewe kwa daftari. Ninyi wawili kuna njia aliyoieleza Yohane Paulo wa Pili mwaka 1981 kwa wenye watoto wasioweza kutengana: kuishi kama kaka na dada. Ni ngumu, mkaizungumze na paroko.

Mrombo wa Kibamba
Nimemwambia. Amelia, amehamia chumba cha watoto. Paroko amenipa Jumanne saa kumi jioni. Cheti cha ndoa ya 2012 anacho mke wangu, sijui nitamwombaje.

Mtoto wa Katekista
Cheti usimwombe. Parokia iliyowafungisha inacho kitabu cha ndoa, itakupa nakala ukitaja majina na mwaka. Simu mpigie kwa jambo lingine, kumwambia mwenyewe kwamba ataitwa, na kwa sababu gani, kabla barua haijamfikia.