"Soma nyaraka" si jibu. Semeni ukurasa gani!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Juma lililopita mpwa wangu, ambaye ana miezi miwili tu tangu aanze kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kompyuta ya kuazima, aliuliza katika kundi moja la waprogramu kwa nini mstari wake wa print "Habari", yaani amri ya kuonyesha neno hilo kwenye skrini, unagoma. Majibu yalimiminika, yote ya namna moja: soma nyaraka, yaani vitabu rasmi vya maelezo ya Python. Mmoja akaongeza kwamba fani hii haina nafasi ya wavivu. Hakuna hata mmoja aliyetaja ukurasa.

Kijana si mvivu. Alinunua bando, akafungua docs.python.org, tovuti yenye nyaraka hizo, akakuta orodha ya vitabu ambavyo machoni pa mgeni vyote ni sawa, akachagua kile cha rejea ya lugha, kwa hoja ambayo mimi naiona ya haki kabisa: anayetaka kuijua lugha hufungua kitabu cha lugha. Humo alikutana na kanuni za sarufi zilizoandikwa kwa alama ambazo, naapa, hata baadhi ya waliomjibu hawawezi kuzisoma. Utangulizi wa kitabu hicho unakiri waziwazi kwamba hakikukusudiwa kuwa cha kufundishia, lakini nani alimwambia? Alikesha nacho, na asubuhi akaniambia kwamba huenda kuprogramu si fungu lake.

Sasa tazameni jinsi jibu lenyewe lilivyokuwa jepesi. Video aliyoifuata ilikuwa ya enzi za Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Tangu Python 3 ilipotoka mwaka 2008, print ni funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina kinachofanya kazi fulani kikiitwa, na kinachochapishwa lazima kiwekwe ndani ya mabano. Ujumbe wa kosa uliotokea kwenye skrini yake ulitaja mabano hayohayo, kwa Kiingereza, na hakuna aliyemwomba aubandike ili asaidiwe kuusoma. Ingetosha kumwambia aandike python --version ajue ana toleo gani, achague toleo hilo katika kisanduku kilicho juu ya ukurasa wa nyaraka, kisha afungue sehemu ya mafunzo, sura ya 3, inayoanza na hesabu na maandishi ya kawaida, na akimaliza ya 5 aache kusoma kwanza, arudi kuandika msimbo wake mwenyewe. Rejea ya maktaba, yaani kitabu kinachoeleza funksheni zinazokuja na Python, ingengoja siku atakapotaka kujua funksheni fulani inapokea nini na inarudisha nini, na hata siku hiyo apewe kiungo cha funksheni hiyo hasa, kwa kuwa kila moja ina anwani yake. Mngeweza pia kumfundisha kuandika help(print), inayotoa maelezo ya print hapohapo bila bando. Kuandika yote haya hakuzidi dakika tano, na waliomkejeli walikaa hapo jioni nzima.

Najua watakaosema kwamba wao walijifunza bila kushikwa mkono. Huenda. Lakini nyaraka hizo zimetafsiriwa kwa Kifaransa, Kijapani, Kikorea na lugha nyingine kadhaa, na Kiswahili hakimo, kwa hiyo anayeanza huku kwetu anabeba mizigo miwili kwa mpigo, na mtu anayemrushia neno moja tu la amri anajua vizuri kwamba hajamsaidia.

Yule aliyemwita mpwa wangu mvivu nafahamu kwamba anapita hapa pia. Ndugu, nakuuliza kwa heshima zote zilizonibakia: ulipomwambia asome nyaraka, ulikuwa na ukurasa gani kichwani? Weka kiungo hapa chini.