Jumamosi ya mjenzi Dar imegeuka siku ya kuibiwa: tripu pungufu, nondo nyembamba, na simu ya saa 8 mchana "bosi, imepungua mifuko mitatu"

Wakuu, nina hasira na sizifichi.

Mtu aliyeajiriwa mjini anayejenga Chanika, Kivule, Goba, Madale au Kigamboni ana siku moja ya ujenzi kwa wiki: Jumamosi. Na Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku ya sendofu, ya mahafali, ya kikao cha harusi, ya kikoba cha mama, na ya watoto walioahidiwa kupelekwa Coco Beach tangu mwezi uliopita. Familia inatoka nyumbani saa 12 asubuhi, watoto wamebanwa kiti cha nyuma na kilo tano za misumari na roli la waya wa kufungia, na saa 9 alasiri wote wawe wameoga na kuvaa sare. Wauzaji wa vifaa, madereva wa malori na baadhi ya mafundi wanaijua ratiba hiyo vizuri kuliko wenye nyumba. Wanajua ni saa ngapi mtu hana tena muda wa kubishana, na hapo ndipo wanapompiga.

Nianze na mchanga. Unauzwa kwa "tripu", yaani mzigo mmoja wa lori. Tripu si kipimo! Kipimo ni urefu wa bodi ya lori mara upana mara kimo cha mchanga uliosawazishwa. Bodi ya mita 4 kwa 2, mchanga ukisimama sentimeta 60, ni mita za ujazo 4.8. Ukipungua sentimeta 15 tu, aliyesimama chini hawezi kuona, kwa sababu wamerundika kichuguu katikati na kuacha mabonde kwenye kona. Hiyo ni mita ya ujazo 1.2 imeliwa, robo ya mzigo, ndoo 60 za lita 20. Mama watoto akitazama kutoka getini anaona kichuguu, anasema limejaa, pesa inatumwa. Lazima mtu apande juu, asawazishe kwa koleo, achomeke kipande cha nondo mpaka kigonge bodi kwenye kona nne na katikati, asome kimo kwa futi ya kupimia. Haizidi dakika kumi. Dereva akianza kelele kwamba anasubiriwa kwingine, aondoke na mzigo wake. Akishamwaga, kesi imekwisha.

Unyevu nao ni wizi wa kimyakimya. Mchanga mkavu ukirashiwa maji kidogo unavimba; ule laini unaweza kuongezeka ujazo kwa robo nzima bila kuongezwa punje. Ukikauka saitini unasinyaa, na fundi anaonekana ameuza mchanga kumbe haukuwepo. Kuhusu udongo, chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, mchanga nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache itulie masaa matatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga wenyewe, huo si wa zege. Plasta yake itapasuka na renta yake, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, haitashika.

Sasa nondo, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10.6 hivi. Ya mm 10 ni kilo 7.4, ya mm 8 ni kilo 4.7, ya mm 16 ni karibu kilo 19. Hesabu ni nyepesi: kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo za mita moja. Madukani inapangwa nondo ya mm 12 ambayo ukiipima ni mm 10.5. Watu wanasema "si milimita moja na nusu tu?" Hapana. Uwezo wa nondo unafuata eneo la mkato, si kipenyo. Kutoka 12 kwenda 10.5 umepoteza karibu robo ya chuma ulicholipia. Ukiuziwa ya mm 10 kwa jina la 12, umepoteza asilimia 31. Na nyingine zimekatwa zikawa na mita 11 na kitu, zimekunjwa katikati ili usione. Duka hilohilo lina mzani kaunta, linapima misumari kilo na nusu kilo mbele ya mteja, sindano haijatulia wanatoa msumari mmoja. Ukimwambia aweke nondo kwenye mzani, anakuuliza kama umekuja kununua au kufanya ukaguzi! Wanaojenga wote wangekataa kununua nondo isiyopimwa kwa wiki mbili tu, mizani ingetokea. Mpaka siku hiyo, beba mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi ya safari. Unabeba kilo 50, unatosha nondo nne za mm 12 kwa mpigo.

Tofali kwa ufupi, maana limesemwa sana. Tofali la inchi 6 linalofaa kubeba ukuta, mfuko mmoja wa saruji unatoa 25, ukibana 30. Wauzaji wanatoa 50. Maana yake mfuko mmoja unachanganywa na ndoo 45 za mchanga. Kwaruza kwa msumari: ukiacha mfereji na unga unamwagika, acha. Inua mpaka usawa wa kiuno, liachie kwenye ardhi ngumu. Zuri linavunjika ukingo, bovu linarudi kuwa mchanga. Na uhesabu wakati linashushwa, kwa sababu kwenye lori wanapanga pembeni na katikati wanaacha tundu.

Sasa siku yenyewe ya renta, ambayo nusu ya Dar inaipanga Jumamosi. Chukua nyumba ya vyumba vitatu yenye kuta za jumla ya mita 70. Renta ya upana wa inchi 6 na kimo cha inchi 9 inameza mita za ujazo 2.4 hivi. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) ni mifuko 15 ya saruji, mita ya ujazo 1 ya mchanga na 2 za kokoto. Ongeza kidogo za kumwagika. Nondo nne za mm 12 kuzunguka kuta zote ni vipande 26 ukihesabu maungio, na kila ungio lilale sentimeta 60 juu ya mwenzake. Wengi wanaunga kwa shubiri moja, wanafunga waya mara mbili, wanaita imeshika. Ringi, vile vipete vinavyozishika nondo nne pamoja, kila sentimeta 20 ni 350, na nondo moja ya mm 8 inatoa 18, kwa hiyo nunua 20.

Mfuko wa kilo 50 ni lita 35. Kwa ndoo ya lita 20, mchanga wake ni ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, maji ndoo moja na robo, pungufu kama mchanga umelowa. Fundi atataka kupima kwa toroli au kwa koleo. Kataa. Koleo la asubuhi na koleo la saa 7 mchana, kibarua akiwa na njaa, si koleo moja.

Tena sikilizeni hili, kwa sababu ndilo linalokomesha ile simu ya saa 8: mfuko mmoja ukichanganywa sawasawa unajaza renta hiyo mita nne na nusu hivi. Mifuko mitano ikiisha, zege liwe limefika mita 22 au 23. Ukikuta wamefika mita 35, wanavuta saruji ifike mbali, na mifuko ya mwisho itabaki ya mtu. Ukikuta wamefika 15, ama mbao za fomu zinazoshikilia zege zimetanuka ama mifuko imepita dirishani. Kila mfuko uchore namba kwa kalamu nene kabla ya kazi, mitupu yote 15 irudi na namba zake. Bila namba wanaleta mitupu ya saiti ya jirani.

Simu ikija kweli imepungua, na wewe uko ukumbini, usikubali neno "tutaivuta". Wanachofanya ni kuongeza mchanga kwenye mifuko iliyobaki, na kila mara kipande hicho dhaifu kinaangukia juu ya dirisha la sebule, uwazi mkubwa kuliko yote. Bora kazi isimame. Isimamishwe juu ya ukuta mzima, mbali na mlango au dirisha, kwa ubao uliosimama wima, nondo zikiendelea kupita. Kesho yake uso huo ukwaruzwe, uloweshwe, umwagiwe uji wa saruji, ndipo waendelee. Zege lililokwisha kuanza kukaza kwenye karai, likiongezwa maji ili lilainike, limekufa. Litatoka kwenye fomu likionekana zuri, lakini nguvu haipo.

Maji nayo yaonjeni. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi, na chumvi inakula nondo ndani ya zege mpaka renta inapasuka kwa urefu. Weka vijiwe vya kuinulia nondo, vile biskuti vya sentimeta mbili na nusu, ili chuma kisilale kwenye ubao. Tangi la lita 1,000 linatosha kuchanganyia na siku mbili tatu za kumwagilia. Kumwagilia ni siku 7, asubuhi na jioni. Hapa wenye nyumba tunajiponza, tunamwaga zege Jumamosi tunarudi Jumamosi nyingine kukuta renta nyeupe kama majivu. Mlipe kijana wa jirani, akutumie picha ya renta iliyolowa kila jioni.

Ushauri wa ratiba: vyote vinunuliwe na kupimwa Ijumaa jioni, zege lianze saa 1 asubuhi, liishe saa 6 au 7. Duka unalopelekwa na fundi lina cha juu chake. Bei ulinganishe mwenyewe kwenye maduka matatu, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Siku ya sherehe ya ndugu msimwage zege kabisa. Pangeni kuta, pangeni fomu, kazi inayoweza kubomolewa ikikosewa.

La mwisho ni la mafundi, na hili halina mjadala. Watoto wanaletwa saiti kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki nao. Mbao zilizotolewa fomu zinaachwa na misumari ikitazama juu, ncha za nondo ziko usawa wa jicho la mtoto wa miaka minne, rojo la saruji liko wazi na linaunguza ngozi, na shimo la choo la mita tatu limefunikwa kwa bati moja bovu. Misumari ichomolewe au ikunjwe siku hiyohiyo. Ncha za nondo zivalishwe chupa za plastiki. Mtoto akishika saruji mbichi aoshwe kwa maji mengi papo hapo. Na shimo lifunikwe kwa mirunda na mbao zilizopigiliwa leo, kabla gari la familia halijawashwa kwenda ukumbini.