Laptopu ikiamka, waifai haionekani

Kikundi: Ukoo wa Bibi, Tanga

19:04 Zuhura: Asalaam alaykum nyote. Salim upo? Laptopu imeanza tena. Nimeifunika niswali magharibi, nafunua, waifai hakuna. Simu mbili humu ndani zinashika vizuri. Na alama za Kidato cha Pili zinatakiwa mtandaoni usiku huu.

19:06 Mjomba Athumani: Wa alaykum salaam. Ruta imechoka hiyo. Nunua nyingine.

19:07 Bi Mwanaisha: Au bando limekwisha mwanangu?

19:07 Zuhura: Bando lipo shangazi, hizi simu zinaperuzi.

19:10 Salim: Shikamooni wakubwa zangu. Mjomba, ruta tuiache kwanza, ingekuwa ndiyo mbovu hata simu zisingeshika. Mama mdogo, bonyeza alama ya mtandao pale chini pembeni. Unaona majina ya waifai za majirani, au pako patupu?

19:12 Zuhura: Marahaba. Patupu. Kuna kidunia tu. Na siku zote ile ya dukani naiona.

19:14 Salim: Basi ni kadi ya waifai, kile kifaa cha kushika mtandao ndani ya laptopu, haijaamka. Ukifunika, laptopu inalala kutunza chaji na kadi inakatiwa umeme. Ukifunua, skrini inaamka, kibodi inaamka, kadi imebaki usingizini. Majina yangeonekana halafu ikakataa kuunganika, ningetafuta kwingine.

19:15 Zuhura: Nimeizima na kuiwasha mara tatu, vilevile.

19:17 Salim: Umebonyeza Shut down? Kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi hiyo haizimi yote. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup, kinahifadhi hali ya mfumo kwenye diski ili ukiwasha iwahi. Kosa nalo linaweza kuhifadhiwa humo humo. Bonyeza Restart, hiyo ndiyo inaanza upya kweli.

19:22 Zuhura: Imerudi! Alhamdulillah.

19:23 Salim: Usianze kujaza, ukiifunika itakukata tena. Bonyeza alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Device Manager. Fungua Network adapters, tafuta jina lenye Wi-Fi au Wireless, libonyeze mara mbili. Juu kuna Power Management.

19:29 Zuhura: Nimefika. Kisanduku cha kwanza kina tiki: "Allow the computer to turn off this device to save power".

19:30 Salim: Ndicho hicho. Hapo ndipo kompyuta imepewa ruhusa ya kuizima kadi. Toa tiki, bonyeza OK. Chaji itakwenda haraka kidogo, si sana.

19:31 Rehema: Salim, yangu haina hiyo Power Management kabisa.

19:34 Salim: Laptopu nyingi za siku hizi zinalala kwa namna nyingine, hata sehemu hiyo haionyeshwi. Wewe pakua draiva mpya ya waifai, yaani programu inayoiendesha kadi, kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu yako. Ikiwa mtandao umekataa, chomeka simu kwa waya wa USB iigawie laptopu intaneti.

19:35 Hamisi: Kaka, yangu inatumia Ubuntu, si Windows, na kadi ni ya Intel. Nayo inasumbua hivyo hivyo.

19:37 Salim: Fungua Terminal, lile dirisha la kuandika amri, andika sudo modprobe -r iwlwifi, halafu sudo modprobe iwlwifi. Inaitoa draiva na kuirudisha, huna haja ya kuwasha upya.

19:38 Hamisi: Poa.

19:52 Zuhura: Nimeifunika nikaenda kukuna nazi, imelala robo saa nzima. Nimefunua nikahesabu, moja, mbili, tatu, nne, majina yote hayo. Ya dukani, ya ghorofani, na yetu imeshashika yenyewe. Allah akuzidishie mwanangu. Hili jambo limenisumbua tangu Ramadhani.

19:54 Salim: Amina mama mdogo. Draiva ikijisasisha, angalia tena kile kisanduku, tiki huweza kurudi.

19:55 Mjomba Athumani: Mwaka jana niliambiwa dukani ruta imekufa, nikanunua nyingine, na shida ikabaki. Kumbe ni tiki.

19:56 Salim: Pole sana mjomba. Ile ya zamani ipo? Nikija Idi naifunga chumbani kwa bibi, kule mtandao haufiki.

19:57 Mjomba Athumani: Ipo juu ya kabati, na waya wake.

19:58 Zuhura: Nimeanza na 2A. Msinipigie mpaka saa tano.