Nywele za mdoli wa kichanga: moheri, rasta, nywele za wigi au nipake brashi tu?

MamaShanga
Jamani habari za humu. Nina kichwa cha mdoli cha vinaili, ile plastiki laini, nimeshakipaka rangi zote na kukitoa kwenye oveni, kimetoka vizuri mpaka mume wangu kasema usiku nikifunike kitambaa, sasa nimekwama kwenye nywele. Mteja ni mama wa kwetu yuko Uingereza, katuma picha ya mwanae alivyokuwa na miezi mitatu, anataka mdoli afanane hivyo hivyo. Mtoto mweusi wetu kabisa, nywele laini zimejiviringa kidogo kwa mbele. Nilichonacho ni rasta za Kariakoo bei chee, wigi langu la zamani la nywele za mtu, na moheri, yale manyoya laini ya mbuzi, ambayo naweza kuagiza ila bei yake imenitoa jasho. Shoga angu ananiambia nywele nizichore tu kwa rangi na brashi nisijitese. Mliowahi kufanya nipeni mwanga.

Sindano42
Moheri dada, wala usiumize kichwa. Shida ni unene. Unywele wa mtu mzima ni kama maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 50 mpaka 100, wakati moheri ya mbuzi mdogo wa Angora, ile ya kunyolewa mara za mwanzo, inacheza kwenye 25 hivi, ya mbuzi mzima ndo inafika 36 hadi 40. Ukichomeka nywele za wigi kwenye kichwa kidogo vile zinasimama kama mswaki, uweke maji uweke jeli, zikikauka zinasimama tena. Na inauma kidogo maana Afrika Kusini ndo wanaongoza duniani kwa moheri, Lesotho nao wamo, mbuzi wako hapo jirani tu ila sisi tunanunua kwa wauzaji wa Marekani na Uingereza.
Usichukue nyeusi tii. Chukua kahawia iliyokolea sana, kichanga hata wetu sisi ukimweka dirishani nywele zake zina ukahawia. Na ioshe kwanza mpaka maji yatoke meupe, mi niliwahi kuchomeka nyeusi ya kupakwa rangi bila kuiosha, nikailowesha ili nichane, asubuhi paji la uso lina michirizi ya bluu na vinaili ikishanyonya rangi haitoki hata ulie.

FundiMidoli_Nbi
Mi sikubali hii ya kudharau rasta. Nimetengeneza midoli ya mtoto wa mwaka na nusu na rasta na watu wamelipa vizuri. Mtoto wa kike akinunuliwa mdoli kitu cha kwanza ni kumsuka, moheri ukiivuta vuta kila siku inakatika, rasta inavumilia. Chambua nyuzi chache chache, zungushia kwenye mrija, chovya maji moto, zikipoa mkunjo umeshika. Ule mng'ao unaupunguza na poda ya mtoto kisha unasuuza.
Ila moto wa oveni weka mbali. Kichwa changu cha kwanza nilichomeka nywele ndo nikakumbuka sijaweka wekundu wa mashavu, nikakirudisha oveni nyuzi 130. Nilichotoa kilikuwa kashata iliyoungua.

Sindano42
Si umesema mwenyewe mtoto wa mwaka na nusu kaka. Huyu ana miezi mitatu, na ni wa kuwekwa kabatini, hasukwi na mtu.

FundiMidoli_Nbi
Sawa hapo nimekubali 😂 kwa kichanga moheri. Lakini akinunua aichome kidogo aone, kuna jamaa wanauza plastiki kwa jina la moheri. Ya kweli inanuka nywele iliyoungua na majivu yanapondeka kwa kidole, ya uongo inayeyuka inakuwa kidonge kigumu.

BiKilindini
Mwanangu mimi nliletewa nyele za mtoto mwenyewe, zile za kunyolewa siku ya saba, mama yake alishazipima na sadaka ya fedha kaitoa, nyele kaziweka kwenye kitambaa. Akataka nizipande kwa mdoli. Nlihangaika siku mbili. Sindano yaukunja unywele katikati ndo waingia, sasa nyele ya sentimita moja ukiikunja chabaki nini nje? Nkamwambia ukweli. Tukashona kimoyo cha kitambaa, nyele tukazitia humo, kikaingia ndani ya kiwiliwili cha mdoli. Alilia, lakini alifurahi.
Hiyo brashi usiidharau pia. Wengine wazawa na malaika tu, hao waache na rangi.

MamaShanga
Bi Kilindini umenitoa machozi asubuhi hii. Haya moheri nimekubali, nimeshaagiza. Vipi sasa kuchomeka, nitumie sindano namba ngapi na naanzia wapi?

Sindano42
Sindano za kushindilia sufu, zile zenye vimiiba. Namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba zaidi, 40 kwa kichwa kizima, 42 kwa paji maana hapo tundu likiwa kubwa linaonekana hata kwenye picha. Pasha kichwa na draya kwanza kilainike usivunje ncha. Chora kwa penseli mwelekeo wa nywele kuanzia zinapozunguka utosini, ndo uchomeke umelaza sindano karibu igusane na ngozi, ukiisimamisha nywele nazo zinasimama. Nyuzi mbili kwa tundu, mbele moja moja. Mi huanza kisogoni nikiwa bado mkono mzito, kisha angalia picha ya mteja vizuri, wa miezi mitatu wengi kisogo kimepukutika kwa kulala chali, pale paka brashi na nywele chache tu, usijaze! Ukijaza umetengeneza wigi.
Mwisho mimina gundi ndani ya kichwa, ile inayokauka ikabaki kama mpira, iache siku nzima. Usipoweka, kitana cha kwanza tu kinaondoka na kazi yote.

BiKilindini
Na sumaku uwe nayo. Ncha ikikatikia ndani ya kichwa usilale kabla hujaiona.

MamaShanga
Mzigo umefika, nimeanza leo. Masaa mawili nimemaliza sehemu kama sarafu ya mia mbili na shingo imekakamaa. Ni kawaida au mimi ndo mzito?

FundiMidoli_Nbi
Ndo mwendo wenyewe. Kichwa kimoja kilinila wiki tatu za jioni.

MamaShanga
Mungu wangu. Na mteja nimemwambia Ijumaa.