LibreOffice: kwangu ripoti imenyooka, kwa msimamizi imepinda. Tatizo ni programu au ni mimi?

Kalamu_Nyekundu:
Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni msaada kabla sijaifuta LibreOffice, hii programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa hasira.

Nina ripoti ya kurasa 143, kazi ya miezi minne, yote nimeiandika kwenye Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia. Kompyuta yangu ni ya Linux. Msimamizi wangu anatumia Word, kwa hiyo naihifadhi kama .docx ndipo namtumia. Kwangu kila kitu kimekaa mahali pake. Kwake inafunguka ikiwa na kurasa 121! Vichwa vya sura vimening'inia chini ya kurasa, maandishi yake yako ukurasa unaofuata. Nukta za orodha ya yaliyomo zimetawanyika kama siafu waliochokozwa. Jana kanipigia kuniuliza kama huwa naisoma kazi kabla ya kuituma. Imeniuma, maana nilikuwa nimeisoma mara tatu.

Fonti ni Calibri 11. Sikumbuki kuiweka kwenye mashine, niliandika tu jina lake kwenye kile kisanduku likakubali. Vichwa nimevikoleza na kuviongezea ukubwa. Sura mpya naianza kwa kubonyeza Enter mpaka nivuke ukurasa. Orodha ya yaliyomo nimeichapa mwenyewe, nukta moja moja.

Niambieni ukweli, msinibembeleze: vya bure ndivyo vilivyo?

Haraka_Haraka:
Mkuu, rudi Word yaishe. Wahenga walisema rahisi ghali.

Bi_Taipu:
Haraka, walisema kweli, ila hapa umemkamata asiye mwizi.

Kalamu, tuanze na hiyo 143 kugeuka 121, maana siri yote imo humo. Kwake kurasa zimepungua, basi herufi anazoziona yeye ni nyembamba kuliko unazoziona wewe. Calibri ni fonti ya Microsoft, haiji na Linux. Ulipoandika jina lake, Writer ililitunza jina ndani ya faili, lakini kwenye kioo ikakuwekea fonti nyingine iliyo pana, nadhani DejaVu Sans. Tazama kile kisanduku cha fonti: jina likiwa limelala, yaani kwa herufi za mlazo, ujue fonti yenyewe haipo. Kwa msimamizi Calibri ipo, mistari ikapungua, na zile Enter ulizozibonyeza kwa kipimo cha fonti pana zikashindwa kuufikia ukurasa wa pili. Ndiyo maana vichwa vimebaki chini.

Weka fonti iitwayo Carlito. Ilichorwa ili upana wa kila herufi ulingane na ule wa Calibri, na Writer huichukua yenyewe pale Calibri inapokosekana. Cambria nayo ina mwenzake, Caladea. Times New Roman ina Liberation Serif.

Sasa hizo Enter. Sikucheki, mimi ni mtu wa taipureta. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kompyuta nilichapa kumbukumbu za mikutano ya mwaka mzima, kila safu nimeisogeza kwa kugonga nafasi, nikajiona fundi. Saa kumi jioni bosi akataka herufi zipande kutoka 11 hadi 12. Nilitoka ofisini alfajiri. Bonyeza Ctrl+F10 uone ninachokisema: kila alama ya aya iliyosimama peke yake ni Enter tupu, na utakuta msururu wake kabla ya kila sura.

Fanya hivi, tena kwenye nakala, si kwenye faili lenyewe. Ctrl+H, fungua Other options, washa Regular expressions. Kwenye Find andika ^$ na kwenye Replace usiandike kitu, kisha Replace All. Aya tupu zinaondoka kwa mkupuo. Halafu teua kichwa cha sura, nenda Format, Clear Direct Formatting, ndipo ubonyeze Ctrl+1. Hapo kimekuwa Heading 1. Vichwa vidogo ni Ctrl+2. Ukimaliza, F11 ikufungulie orodha ya mitindo, bofya kulia Heading 1, Edit Style, na kwenye Text Flow agiza mkato wa ukurasa uje kabla ya kichwa. Toka siku hiyo kila sura inajianzia ukurasa wake, hata fonti ibadilishwe mara kumi. Nafasi kati ya aya na aya iweke kwenye mtindo wa aya; nikisikia umerudi kwenye Enter tutakosana.

Orodha ya yaliyomo ifute yote, usiihurumie. Insert, Table of Contents and Index, na itajijenga kutokana na hivyo vichwa.

Na kazi yako itunze kama .odt, .docx iwe ya kutumia watu tu. ODF, muundo ulio nyuma ya hiyo .odt, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, wala si fumbo: chukua nakala ya faili, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ufungue, utaikuta content.xml na maandishi yako ndani. Niliwahi kuokoa hotuba iliyogoma kufunguka kwa njia hiyo. Kama msimamizi anasoma tu bila kusahihisha, mpe PDF mlale.

Fundi_Makro:
Shikamoo Bi Taipu, umemaliza. Ila tusimfiche mwenzetu, mipaka ipo. Makro za VBA, yaani vijiprogramu vya kufanya kazi zenyewe vilivyoandikiwa Excel, baadhi zinaenda kwenye Calc, lahajedwali ya LibreOffice, na nyingine zinagoma. Mimi kazini nina lahajedwali moja ya namna hiyo, bado naifungulia Excel na sioni aibu. Mengine yote nafanya na Calc, toka enzi za OpenOffice.org, kabla kundi la LibreOffice halijajitenga 2010, mwaka uleule Oracle ilipoinunua Sun, kampuni iliyokuwa na OpenOffice.org. Kwa ripoti ya maandishi na majedwali mawili matatu, hiyo si sababu ya kuhama.

Haraka_Haraka:
Nimenywea. Sasa na mimi nisaidieni: ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inaondokaje? Hiyo ndiyo iliyonikimbiza.

Bi_Taipu:
Marahaba, Fundi. Wewe Haraka, inadhani unaandika Kiingereza. Chini kabisa ya dirisha kuna jina la lugha, libofye uchague Kiswahili. Kamusi yake ya tahajia ipo. Kama haikuwekwa kwenye mashine yako, iweke. Majina ya watu itayalaumu bure, hayo zoea.

Kalamu_Nyekundu:
Shikamoo Bi Taipu. Jina lilikuwa limelala kweli, miezi minne nalitazama!

Nimeweka Carlito, na kabla sijagusa kitu kingine ripoti ikashuka palepale mpaka 122. Nikacheka peke yangu, kwa mara ya kwanza nikaona kile alichokuwa anakiona yeye. Aya tupu zilizoondoka ni 611, Writer yenyewe imenihesabia. Vichwa vimenichukua jioni nzima, maana vingine nilikuwa nimevikoleza kwa 14 na vingine kwa 15, sijui kwa nini. Orodha ilipojijenga ikanifichulia jambo ambalo mara tatu za kusoma hazikuliona: nilikuwa na sura mbili zenye namba 5.

Sasa kwangu ni kurasa 118, kwake 118. Amefungua leo asubuhi, kuhusu mpangilio hajasema neno. Amenirudishia maoni 38, na sura ya nne anataka niiandike upya.